Hatua Arobaini za Tope

Valdecorzo, 16 Novemba 1986

Daktari Henar,

Shikamoo. Miwani iko kichwani, usiitafute mezani. Haya, sasa soma.

Tangu uondoke na wale wanafunzi wako wa mambo ya kale wenye mikono laini, kijiji kimekufa ganzi. Basi lenu lilipopinda kona, Bibi Benigna alifunga mlango akasema, "Haya, wendawazimu wameondoka, leteni kuni." Ananisalimia kwa niaba yako, yaani wewe umsalimie yeye, maana anadai ukimwandikia mtu mzima lazima uanze wewe. Na bado anashikilia kwamba mfereji ule ulichimbwa na Wamori, wale Waislamu waliotawala huku zamani. Nimemweleza habari za Warumi, nikamweleza maji, nikamweleza jinsi walivyoyafungulia ghafla yakabomoa mlima mzima wapate dhahabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi hao Warumi waliwafanyia kazi Wamori."

Kazi uliyoniachia nimeifanya, tena kuliko ulivyoniagiza. Zile hatua arobaini za mfereji, pale juu karibu na jabali ambapo tope halijaguswa, nimezifunika kwa turubai. Juu ya turubai mawe, juu ya mawe matawi, na juu ya matawi nilikaa mimi mwenyewe nikala mkate. Hata Mrumi akifufuka leo akadai mfereji wake, itabidi aniombe ruhusa. Kijijini nimetangaza cheo changu: Mlinzi Mkuu. Eleuterio wa baa akasema, "Mlinzi wa tope!" Nikamwambia tope la miaka elfu mbili lina heshima kuliko divai yake ya juzi.

Huyo Eleuterio ndiye aliyeniambia jambo lisilochekesha. Machimbo ya mawe ya kuezekea wamejaza bonde lao lote kwa kifusi, sasa wanautaka mteremko wetu. Nyapara wao aliuchora pale baa, kwenye karatasi ya kufungia soseji. Kifusi kinaanzia juu ya mfereji kinashuka mpaka malishoni. Malisho yetu, Daktari. Ng'ombe wa Bibi, maji ya kijiji, bustani za kabichi, vyote chini ya mawe. Baba yuko hukohuko machimboni mwaka wa ishirini na mbili, mapafu yamejaa vumbi. Nilipomwambia alikohoa, akaenda kulala.

Niambie basi wewe msomi: kweli mtaro wa Warumi unaweza kuzuia matipa?

Mlinzi Mkuu,
Olegario


Madrid, 2 Desemba 1986

Olegario,

Marahaba. Ilikuwa kichwani kweli. Usijisifu.

Ndiyo, unaweza. Ikithibitika kwamba mfereji ni wa Warumi, mteremko wote unahifadhiwa na hakuna atakayemwaga hapo hata ndoo. Shida ni kuthibitisha. Machimbo watasema ni mtaro wa kumwagilia ambao babu zenu waliuchimba. Kamati ya mkoa imekubali kumtuma mkaguzi tarehe 28 Aprili. Atasimama kwenye zile hatua arobaini, nami nitachimba mbele ya macho yake. Nataka auone mfereji vizuri, asiondoke na shaka. Kwa hiyo palinde pale. Kwingine kote kwenye mteremko maji na watu wamepita mno, hakuna kilichobaki cha kumwonyesha mtu.

Sina nguvu za kuandika mengi. Nina miaka hamsini na sita na nimeshatetea mifereji kumi na mmoja. Tisa iko chini ya kifusi, mmoja uko chini ya barabara, na juu ya mwingine kuna bwana amejenga banda la nguruwe, banda zuri kwa kweli. Huu wenu ningependa upone.

Msalimie Bibi Benigna. Nimeanza mimi, mwambie.

Henar Quintanilla


Valdecorzo, 8 Februari 1987

Daktari,

Shikamoo. Theluji imefika madirishani. Mfereji mzima, turubai zima, mimi mzima. Samahani kwa mwandiko, mikono imevimba, napasua kuni nyingi.

Bibi kapokea salamu.

Olegario


Madrid, 20 Februari 1987

Olegario,

Barua yako ya mwisho haina mzaha hata mmoja. Unaumwa? Na hizo ni kuni za nani? Bibi yako ana jiko moja tu.

Mkaguzi amethibitisha tarehe. Nitafika siku moja kabla yake. Mimi sijambo, nimechoka tu. Kila ninapofungua faili la mteremko wenu nakuta machimbo wamepeleka karatasi nyingine mpya, zenye mihuri mizuri kuliko yangu.

Henar


Valdecorzo, 6 Aprili 1987

Daktari wangu,

Kaa kwanza. Umekaa? Haya.

Jana Jumapili nimefanya jambo ambalo hata Kaisari wao asingeliweza kwa siku moja.

Msaragambo wetu unaujua. Kengele ikilia kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe, tunasafisha mtaro kuanzia chini ya jabali kushuka mpaka malishoni, na nyumba isiyotoa mtu inatoa mtungi wa divai. Miaka yote tunaanzia hapo chini. Hatujawahi kupanda mpaka kwenye hatua zako arobaini, kwa nini tupande, maji hayatoki huko. Safari hii nikapanda ukingo wa chemchemi nikahutubia.

"Jamani, anakuja mkubwa wa mkoa! Mtampokea kwa tope?"

Eleuterio akadakia, "Na wewe si ndiye mlinzi wa hilo tope?"

"Nimestaafu," nikamwambia. "Sasa hivi ni mhandisi."

"Mhandisi aliyefukuzwa shule kwa kuuza kengele ya mwalimu."

"Niliikodisha tu!"

Wakacheka, na mtu akicheka keshakubali. Wote walipanda, Daktari. Nyumba ishirini na tatu, hata zile mbili zisizosalimiana tangu enzi za babu. Zefirina ana miaka themanini na mmoja, alibeba ndoo. Tuling'oa majani, tukazoa lile tope lote mpaka kwenye jiwe tupu, tukalimwaga korongoni. Kuta tukazisugua kwa brashi za chuma. Palipokuwa na nyufa nilipiga saruji mwenyewe, laini kama shavu la padri. Mfereji unang'aa! Mkaguzi wako akija hatakuwa na shaka ya kitu, kama ulivyotaka. Bibi anasema hata Wamori wenyewe hawakuuacha safi hivi.

Njoo na kamera. Na ukitaka kunishukuru usinishukuru mbele za watu, nitaona haya. Natania. Nishukuru mbele za watu.

Fundi wa Kaisari,
Olegario


SIMU YA MAANDISHI
Madrid, 9 Aprili 1987

TOPE MLILIMWAGA WAPI HASA. LIMEBAKI LOLOTE. MSIGUSE KITU KINGINE. HENAR


Valdecorzo, 12 Aprili 1987

Daktari,

Tarishi aliisoma simu yako kabla yangu, na Eleuterio aliisoma kabla ya tarishi. Kwa hiyo nilipoipokea kijiji kizima kilikuwa mlangoni kinaniangalia usoni.

Hakuna lililobaki. Nilishuka korongoni na ndoo. Kijito kimejaa maji ya theluji, kimelichukua lote, pale tulipolimwaga pana kokoto zilizooshwa tu. Nilizama mpaka kifuani nikitafuta. Zefirina alisimama juu akinipigia kelele, "Toka humo, mjinga wewe, tutakuletea tope jingine!" Walitaka kukuletea, Daktari. Walikuwa wameshaanza kulichimba kwenye bustani zao. Nimewazuia.

Sasa sikiliza, maana nikisimama sitaandika tena.

Zile kuni zilikuwa uongo. Tangu tarehe saba Januari niko machimboni. Baba hawezi tena kupanda, akifika nusu ya njia anakaa chini. Wakasema nafasi yake itakwenda kwa mtu mwingine nisipoichukua mimi, nikaichukua. Naendesha tipa. Mlinzi Mkuu wako, kutwa nzima, anawamwagia watu hao kifusi.

Mwanzoni nilipanda kila Jumapili kuangalia turubai. Halafu nikawa siku ya Jumapili nalala. Katikati ya Machi nikajikokota mpaka juu, nikakuta upepo umelichukua turubai na ng'ombe wa Bibi wameingia mferejini kula majani. Hatua zote arobaini zimevurugwa, mashimo ya kwato kila mahali, kama unga uliokandwa na mlevi. Nikajiambia, Olegario, mfereji ukiwa msafi mpaka kwenye jiwe, nani atajua? Kengele nikaenda kuomba mimi. Wao walidhani wanampa heshima mgeni. Mimi nilikuwa naficha nyayo za ng'ombe.

Bado sijui tope lilikuwa na nini ndani yake. Naona tu lilikuwa na kitu.

Olegario


Madrid, 16 Aprili 1987

Olegario,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Tope lile lilitua tabaka juu ya tabaka tangu siku Warumi walipoondoka na maji yakaacha kupita. Tabaka la chini kabisa lilikuwa na makaa na mbegu, vitu ambavyo maabara inaweza kuvipima umri. Jiwe halipimiki. Jiwe lililokatwa linakwambia limekatwa, basi. Tope ndilo lililokuwa liseme lini. Hata baada ya kwato za ng'ombe, chini pangekuwa pazima. Kwato haziendi mbali.

Umenifanyia kazi viangazi vitatu. Nilikupa beleshi na brashi, nikakuonyesha namna ya kukwangua. Sijawahi kukaa na wewe dakika kumi nikakueleza tope ni la nini. Niliwaeleza wanafunzi, wewe ukiwa umebeba ndoo. Kisha nikakuandikia kwamba nataka mkaguzi auone mfereji vizuri. Ningekuwa wewe ningesafisha pia.

Kuhusu machimbo sina la kukulaumu. Ningefurahi tu kama ungeniambia Januari. Ningepanda basi nikaja kushika lile turubai mwenyewe.

Sasa ripoti. Nina aya moja ya kuandika, inayoeleza tope limekwenda wapi. Nikiandika kwamba limechukuliwa na mvua za Machi, hakuna atakayeuliza zaidi, na picha za kiangazi kilichopita ninazo. Nikiandika kwamba kijiji kimelizoa, machimbo watasema: mnaona, ni mtaro wao, wanausafisha wenyewe. Nimechoka, Olegario. Mara kumi na moja niliandika ukweli mtupu, na unajua iliko mifereji hiyo. Safari hii mkono unataka kuandika mvua.

Lakini mkaguzi atakuuliza na wewe, kwa sababu ndiwe uliyeachiwa mahali pale. Kwa hiyo nakuuliza kabla yake. Utasema mvua?

Henar


Valdecorzo, 20 Aprili 1987

Daktari,

Umemuuliza mtu anayefaa. Kudanganya ni fani yangu, nimedanganya mapadri watatu na daktari wa jeshi. Kwa hiyo nilifanya mazoezi. Nikamweka Bibi kwenye kiti, nikamwambia yeye ni mkaguzi, aniulize.

Akaniuliza, "Wewe kijana mwenye masikio machafu, tope limekwenda wapi?"

Nikasema, "Mheshimiwa, mvua za Machi."

Akafikiri. Akasema, "Mvua gani hiyo inayopiga saruji?"

Ile saruji hata wewe uliisahau.

Nikasema nitaibandua kwa patasi. Nikapanda Jumamosi baada ya kazi, nikaanza. Inatoka na jiwe. Alama za sururu za Warumi zilizokuwa zimepona brashi zetu zinabanduka pamoja na saruji yangu, vipande vya ukubwa wa sahani. Nikaacha. Nikakaa pale na patasi mkononi mpaka vidole vikafa ganzi. Chini niliona moshi wa nyumba zote ishirini na tatu, nikawaza mkaguzi amesimama mbele yangu na wao wamenizunguka, wananisikiliza. Zefirina bado ana malengelenge ya ile ndoo. Siwezi kumwita mvua.

Kwa hiyo andika hivi, nami nitayasema hayohayo: tope lilizolewa na watu wa Valdecorzo tarehe tano Aprili, kwa msaragambo, kwa shauri la Olegario, ambaye aliachiwa ulinzi na hakulinda. Saruji ni yake. Watu hawakujua. Yeye alijua nusu.

Ukitaka kuongeza kwamba yeye ni kijana mtanashati, ni juu yako.

Olegario


Madrid, 15 Juni 1987

Olegario,

Nimepokea uamuzi leo, nakuandikia kabla hujausikia pale baa.

Kwanza kuhusu siku ile. Nimewaona watu wenye shahada wakitetemeka mbele ya wakaguzi. Wewe ulisema yote, tena mbele ya nyapara wako, na hukupunguza hata lile la ng'ombe. Mkaguzi aliandika kurasa nne. Njiani kurudi, tulipofika bonde la chini, akaniuliza yule bibi wa ndoo ana miaka mingapi.

Kamati inakubali kwamba mfereji unaweza kuwa wa Warumi. Hilo "unaweza" limeandikwa mara sita. Wamehifadhi kipande kilichochongwa kwenye uso wa jabali, urefu wa hatua sitini, kwa sababu hapo hakuna mtu aliyewahi kugusa. Zile hatua arobaini, mtaro wa chini na mteremko wote mpaka malishoni, wanasema ushahidi hautoshi. Machimbo wamepewa kibali. Wanaweza kuanza Julai.

Rufaa nimeiandika na nimeipeleka. Sitaki uitegemee.

Najiuliza kama mvua ingetosha. Pengine ingetosha. Nikiwa kitandani najiambia tulifanya sawa, nikiamka sina hakika. Sikuulizi unaonaje. Nimekuambia tu kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Mwambie Bibi Benigna awahamishe ng'ombe mapema.

Henar


Valdecorzo, 9 Julai 1987

Daktari,

Shikamoo. Jabali limehifadhiwa, tumewapa mbuzi habari, wamefurahi. Ni wao tu wanaofika huko.

Ng'ombe wawili Bibi amewauza, mmoja tumemfunga kwa mjomba ng'ambo ya mto. Anapiga kelele tangu asubuhi, malisho ya huko hayapendi.

Wameanza Jumatatu. Nyapara alinipa tipa la kwanza mimi. "Wewe ndiwe mhandisi wa mfereji, bwana. Uzindue." Wenzangu wakapiga makofi. Nikapanda, nikaendesha mpaka ukingoni, nikarudi nyuma polepole mpaka magurudumu yakagusa gogo la kuzuia. Kwenye kioo cha pembeni niliuona mfereji, bado unang'aa. Chini yake maji ya kijiji yalikuwa yanakwenda malishoni, zamu ilikuwa ya Zefirina.

Nikazima injini. Nikashuka, nikampa nyapara ufunguo. Hotuba nilikuwa nayo, nimeitunga tangu Juni, ina matusi mazuri sana. Ikapotea yote. Nikasema tu, "Hili siwezi."

"Haya," akasema, akamwita Macario.

Hata hakukasirika, Daktari. Nilidhani nikikataa, mlima nao utasitasita kidogo. Dakika tano. Macario alikuja na sigara mdomoni, akamwaga, akaondoka, na ile sigara haijaisha.

Kifusi hakishuki kama maji. Kwanza ni mlio wa sahani nyingi zinazovunjika pamoja. Halafu vumbi. Halafu unaangalia mahali ulipokuwa unaangalia, hupaoni.

Nikashuka nyumbani, saa nne asubuhi, saa ambayo mtu wa machimbo hapaswi kuonekana kijijini. Njia nzima nilikuwa najiuliza nitamwambia nini baba. Nafasi ile alinipa yeye, kwa mapafu yake. Nikamkuta amekaa kwenye benchi la dirishani na mtungi wake wa hewa miguuni. Kutoka pale mteremko wote unaonekana.

Nikasema, "Baba, nimeacha kazi."

Hakugeuka. Nikangoja tusi. Akajisogeza kwenye benchi, akanipa nafasi.

Nikakaa. Tukawa tunatazama matipa yanakuja moja moja, yanainua migongo, yanaondoka. Bibi alituletea supu ya kabichi, akasimama nyuma yetu kidogo, akarudi jikoni. Mtaro wa chini ulikuwa bado una maji kufika saa sita. Baada ya hapo hauna.

Kisha baba akazungumza, kwa ile sauti yake ya kuvuta pumzi katikati ya maneno.

"Huyo Macario anageuza vibaya," akasema. "Anakata kona mapema mno. Wewe ungemwaga vizuri kuliko yeye."

Miaka ishirini namsubiri mzee huyu anisifu. Nikamwambia ahsante, nikala supu.

Olegario